Kamera Zisitolewe Ukumbini: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Nishati na Tume ya Nguvu za Atomiki

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania,

YAH: KAMERA ZA TELEVISHENI KATIKA MIKUTANO YA KUPOKEA MAONI JUU YA URANI NA UMEME WA NYUKLIA

 

Miaka michache iliyopita niliingia katika ukumbi mmoja wa huku kwetu Iringa, siku ambayo wananchi tuliitwa kutoa maoni juu ya mradi wa njia ya umeme. Ofisi iliyoandaa sitaitaja, maana sitaki mmoja abebeshwe mazoea ya wengi. Saa nne asubuhi mgeni rasmi akafika. Kamera tatu za televisheni zilikuwa zimepangwa mbele, taa zinawaka, nyaya zimebandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi ili wazee wasijikwae. Mgeni rasmi akahutubia dakika ishirini, tukapiga makofi. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti, akasema kwa upole kabisa: "Ndugu zetu wanahabari tunawashukuru sana, sasa mtupishe tuendelee na kazi." Vijana wale wakakunja stendi zao, wakatoka mmoja mmoja. Kazi yenyewe, yaani sisi wananchi kusema, ilianza kamera ya mwisho ilipokwisha kuvuka mlango.

Bibi mmoja akasimama. Alikuwa amejifunga khanga mbili, mkononi ana karatasi iliyokunjwa ambayo hakuifungua hata mara moja. Akasema: "Nimeambiwa waya zikipita shambani kwangu nisipande mti. Mimi shamba langu lote ni mipaina. Nitapanda nini? Na nyie mkishaondoka, mwanangu akitaka kuuliza, amuulize nani?" Ukumbi ukanyamaza. Mtaalamu akamtazama mwenzake, akafunuafunua makabrasha, mwishowe akajibu kwamba swali limepokelewa na litafanyiwa kazi.

Usiku ule nilikaa mbele ya televisheni kusubiri taarifa ya habari ya saa mbili. Nikamwona mgeni rasmi. Nikayaona makofi yetu. Bibi hakuwepo, na asingeweza kuwepo, kwa kuwa aliposimama hapakuwa na kamera. Miezi kadhaa baadaye nilipata bahati ya kuuona muhtasari wa mkutano. Swali lake lilikuwa limegeuka mstari mmoja uliosema kwamba wananchi waliupokea mradi na kuomba elimu zaidi itolewe. Bibi hakuomba elimu. Aliuliza swali lenye uzito kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na leo ushahidi pekee kwamba aliuliza ni kumbukumbu za sisi tuliokuwa tumeketi naye.

Nguzo ya umeme ikiwekwa mahali pabaya, inang'olewa na kuhamishwa. Kinu cha nyuklia hakihamishwi. Kikishajengwa kinafanya kazi miongo kadhaa, na mabaki yake yanaendelea kutoa mionzi muda mrefu baada ya wajukuu wa wajukuu zetu kusahau majina yetu. Ndiyo maana nawaandikia mapema, kabla viti vya mkutano wa kwanza havijapangwa. Ombi langu ni moja. Mtakapokaa kusikiliza wananchi juu ya urani au umeme wa nyuklia, kamera za televisheni zikae ukumbini tangu mkutano unapofunguliwa hadi unapofungwa.

Mtu anaweza kuuliza hilo linamhusu nini mkazi wa Kihesa, Manispaa ya Iringa, kama mimi. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Namtumbo, mkoani Ruvuma, akizindua kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani katika mradi wa Mto Mkuju. Mradi huo uko chini ya kampuni ya Mantra, ambayo ni sehemu ya Uranium One, nayo Uranium One ni tawi la Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Ukitoka huko kupitia Songea kwenda Dar es Salaam kwa lami unapita Njombe, Makambako, Mafinga na hapa Iringa. Ukichukua njia ya mashariki unapita Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara. Mzigo wa urani utapita wapi, utafungwaje, na lori likipinduka kwenye kona za Kitonga nani ataitwa kwanza? Hayo ni maswali ya mama anayeuza nyanya kando ya barabara kuu, ambaye hatapata nauli ya kwenda kuyauliza Dodoma wala Arusha. Na umeme wa nyuklia wenyewe umekuwa ukitajwa katika hotuba za viongozi wetu kama mojawapo ya njia za mbele. Linalosemwa jukwaani leo litafika mezani kesho, na likifika tunataka kuiona meza.

Tayari uamuzi mmoja mkubwa ulipita mbali na macho yetu. Eneo la Mto Mkuju lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikiwa imekaa St. Petersburg, Urusi, ilikubali mpaka wa pori ubadilishwe ili eneo la mgodi litoke. Sisemi uamuzi ule ulikuwa haramu. Ninachosema ni kwamba mstari kwenye ramani ya ardhi yetu ulisogezwa katika mji ambao watu wengi wa Namtumbo hawajawahi hata kuusikia.

Na si kwamba nawaomba hisani. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilipitishwa mwaka 2016. Milango iko kwenye karatasi. Anayeamua ifunguliwe kwa upana gani ni ofisa aliyeandaa mkutano, siku ile, asubuhi ile, na hapo ndipo naomba nyinyi wakubwa wake mtoe maelekezo mapema.

Tena Tume ina sababu yake ya pekee ya kutaka kuonekana. Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kudhibiti matumizi ya mionzi na, kwa wakati huohuo, kuyaendeleza. Mkono mmoja unasukuma, mkono mwingine unashika breki, na mikono yote miwili ni ya mtu mmoja. Wamarekani waliishi hivyo tangu 1954 hadi 1974, walipoivunja tume yao ya atomiki na kutenganisha mdhibiti na mhamasishaji, kwa sababu watu walikuwa wamepoteza imani nayo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1976, wakatunga sheria iliyozitaka tume za serikali za namna hiyo zifanye vikao vyake hadharani. Sisi bado hatujafika kwenye kutenganisha. Basi angalau breki tuione ikishikwa.

Najua hoja zitakazoletwa, kwa kuwa tumekwisha kuzisikia. Ya kwanza ni gharama. Mwishoni mwa Januari 2016 Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, alitangaza kwamba TBC itaacha kurusha mikutano ya Bunge moja kwa moja kama ilivyozoeleka, akataja shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Naikumbuka vizuri siku ile. Hapa Kihesa kuna mgahawa karibu na soko ambako wakati wa Bunge la Bajeti watu walikuwa wakinunua chai moja na kuikalia saa mbili. Mwenye mgahawa alilalamika kila siku na hakumfukuza mtu. Walikuwepo mafundi baiskeli, walimu waliostaafu, vijana wa bodaboda walioegesha nje na kuchungulia dirishani. Tarehe 18 Machi 2014, Jaji Joseph Warioba alipowasilisha Rasimu ya Katiba mbele ya Bunge Maalumu, mgahawa ule ulijaa hadi barazani, na watu ambao hawakuwahi kushika kitabu cha sheria walibishana juu ya serikali tatu hadi giza likaingia. Matangazo yalipokatwa, ubishi uliendelea, ila sasa kila mtu alikuwa anabishana juu ya kitu alichoambiwa na mwingine. Hasara ya namna hiyo haimo katika zile bilioni 4.2.

Na hapa gharama yenyewe ni ndogo mno. Siwaombi mrushe matangazo kwa fedha za Serikali. Vituo vina kamera zao na mafuta ya magari yao. Vya mikoani, hata redio za hapa Iringa, vitashukuru kupewa kiti na soketi ya umeme. Kinachotakiwa kwenu ni kutomwambia mtu atoke.

Hoja ya pili ni usalama. Hii naiheshimu. Zamu za walinzi, mipangilio ya milango, ratiba za kusafirisha mzigo, hayo yabaki siri na hakuna mwenye akili atakayeyadai. Lakini hayo hayazungumzwi kwenye mkutano wa kupokea maoni. Kama jambo linaweza kusemwa mbele ya watu mia tatu ambao hamkuwapekua mifuko, linaweza kusemwa mbele ya kamera.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni taharuki. Mtasema neno mionzi linaogofya, na sekunde kumi zikikatwa kwenye mkutano wa saa tano zinaweza kuitia nchi hofu. Ni kweli zinaweza. Ila tazameni yaliyotokea Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, tarehe 28 Machi 1979. Kinu kilipoharibika, siku za kwanza kila msemaji alisema lake: kampuni hivi, jimbo vile, serikali kuu vingine. Zaidi ya watu laki moja wakafunga mizigo na kuondoka, wengi bila kuambiwa waondoke. Ndipo Rais Carter alipomtuma mtaalamu mmoja wa tume ya udhibiti, Harold Denton, awe sauti moja pale. Akawa anasimama mbele ya kamera, anaeleza kinachojulikana, anakiri kisichojulikana. Hofu ikaanza kupoa. Watu waliogopeshwa na maelezo yaliyogongana, wakatulizwa na uso wa mtu anayejua kazi yake, anayeulizwa maswali na kuyajibu waziwazi. Nasi wataalamu wa namna hiyo tunao katika Tume. Wafahamike kwa wananchi wakati wa amani, ili siku ya shida, Mungu aepushe, watu wamwone mtu wanayemjua.

Jirani zetu wametangulia katika njia hii na tunaweza kujifunza bila kuumia. Kenya ilichagua Uyombo, Kilifi, kando ya bahari, si mbali na Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kuwa mahali pa kinu chake cha kwanza. Wakazi, ambao wengi ni wavuvi, wakalalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi Mei 2024 waliandamana, polisi wakakabiliana nao, watu wakaumia. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, upande wa Ziwa Victoria. Hiyo ni nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010, katika Ibara ya 118, inalitaka Bunge na kamati zake zifanye kazi waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Kama mambo yalifika pale hata kwa wenye ibara ya namna hiyo, sisi tuwe na uangalifu mara mbili. Uganda nayo imechagua Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Ukanda wetu mzima unaingia katika jambo hili kwa pamoja, na atakayeanza kwa uwazi ndiye wengine watakayemwiga.

Sitaki mdhani naamini kamera ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2011, miezi mitatu baada ya ajali ya Fukushima, serikali ya Japani ilitaka wakazi wa Saga wakubali vinu vya Genkai viwashwe upya. Tarehe 26 Juni ikaandaa kikao cha maelezo kilichorushwa moja kwa moja kwa televisheni ya kebo na intaneti. Kamera zilikuwepo. Lakini wananchi waliokaa mbele yake walikuwa saba tu, nao waliteuliwa na serikali. Siku chache baadaye ikafichuka kwamba Kyushu Electric, kampuni yenye vinu hivyo, ilikuwa imewataka wafanyakazi watume barua pepe kwenye kipindi hicho wakijifanya raia wa kawaida wanaounga mkono. Rais wa kampuni akasimama kuomba radhi. Kwa hiyo kamera inayoelekezwa kwa watu waliochaguliwa haitusaidii. Aachwe aulize anayetaka kuuliza, aulize kwa Kiswahili, na kwa Kihehe au Kingoni pale ambapo wazee watakuwa huru zaidi, kwa kuwa mtafsiri hakosekani. Tangazo la mkutano litoke wiki kadhaa kabla, libandikwe hadi kwenye ofisi za kata. Na picha za mkutano mzima zihifadhiwe mahali ambapo mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa au cha Ruaha ataweza kuzitazama miaka ishirini ijayo, aone mtaalamu alijibu nini, na mwenyekiti wa kijiji aliuliza nini. Mwana wa yule bibi wa mipaina angekuwa na mahali pa kuanzia.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Iringa hawezi kuandika juu ya kamera akaliacha. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wetu. Alikwenda kuripoti shughuli ya chama cha siasa, polisi wakamzingira, na bomu la machozi likamlipukia mwilini. Wengi mlimwona gazetini, amezungukwa na sare, sekunde chache kabla ya kufa. Alizikwa kwao Rungwe, mkoani Mbeya. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu hapa Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Najiuliza mara nyingi, kama wenzake wasingekuwa na kamera siku ile, tungekuwa tumeambiwa nini? Toka siku ile sisi wa mkoa huu tukimwona kijana na stendi begani tunamtazama kwa jicho tofauti. Tunajua amebeba nini. Akiombwa atoke ukumbini, hata kwa upole, hata kwa shukrani nyingi, kuna kitu kinatuchoma.

Mimi sipingi nyuklia. Naomba hilo lieleweke. Sijui fizikia ya kutosha kupinga wala kushabikia, na ndiyo sababu nataka kusikiliza. Nataka mtaalamu wa Tume aulizwe kwa nini tunahitaji nyuklia wakati Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, naye ajibu kwa tarakimu. Huenda jibu lake ni zuri. Sisi tulioishi na mgao wa umeme kila mvua zilipochelewa na kina cha bwawa la Mtera kikashuka tunajua maana ya kutegemea maji peke yake, na tutakuwa wepesi wa kumwelewa. Nataka pia profesa asiyekubaliana naye apewe dakika zilezile. Halafu nataka mwenye mgahawa wa sokoni aongeze sauti ya televisheni, na wale mafundi na walimu wabishane hadi jioni, safari hii wakiwa wameona wenyewe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, na Ndugu Mkurugenzi Mkuu, siku mtakapotangaza mkutano wa kwanza wa kupokea maoni juu ya umeme wa nyuklia, na kila mkutano unaohusu urani ya Mto Mkuju kuanzia sasa, naomba tangazo lenu liwe na sentensi hii: vyombo vya habari vinakaribishwa pamoja na kamera zao, kuanzia mkutano utakapofunguliwa hadi utakapofungwa. Mkiiandika, mshereheshaji hatakuwa na ruhusa ya kumtoa mtu. Msipoiandika, atawatoa, kwa kuwa ndivyo alivyozoea.

Nasubiri kuisoma sentensi hiyo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi wa Kihesa,
Manispaa ya Iringa.